Dumu la Maji Yasiyo na Dawa

Mwanangu Onesmo,

Kalamu ameishika mdogo wako Edina. Mimi nasema kwa lugha ya nyumbani, yeye anaiweka katika Kiswahili chake cha kidato cha tatu. Ukikuta mahali nimesema vizuri kuliko nisemavyo siku zote, ujue ni yeye. Ukikuta mahali nimesema vibaya, ni mimi, maana nimemkataza kunisahihisha. Wewe uko kanisani, kwaya inakuaga. Nawasikia kutoka hapa jikoni, na besi yako naitambua hata ikijificha katikati ya nyingine. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako, nimeigandamiza kwa kijiko isipeperuke. Uisome kabla hujalala, na kabla hujashika jembe.

Ndiyo, jembe nimeliona. Umelinoa ukalificha nyuma ya mlango wa baba yako kana kwamba mimi sifagii huko.

Habari za shuka, sabuni, viatu na namna ya kukaa na wenzako bwenini huko chuo cha mifugo sitaziandika. Baba yako amekwisha kuzisema, amezirudia, na kesho barabarani atazirudia tena kwa sababu hajui namna nyingine ya kusema kwamba atakukumbuka. Mimi nina jambo moja tu, ila lina mizizi mirefu, kwa hiyo univumilie.

Leo mchana nilikuwa nyuma ya ukuta wa zizi nikipeta maharage. Ulikuwa ukimkatia ng'ombe wetu Bihogo mgomba, na baba yako ameshika kamba.

Ulisema, "Baba, nitapanda mwenyewe asubuhi, kabla gari halijapita."

"Ardhi bado ni kavu."

"Bora mbegu ikae ardhini inasubiri mvua kuliko ibaki na mama."

Baba yako alikohoa tu, kile kikohozi chake cha kukubali jambo asilolipenda.

Sikutoka kukukatalia pale pale kwa sababu nakujua. Nikisema kwa mdomo utaitikia "sawa, mama," kisha utafanya lako. Tabia hiyo hukuiokota njiani, umeirithi kwangu. Wala sikukasirika. Niliumia kwa sababu ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Hata kuku wa kijiji hiki wanajua kilichotokea mwaka jana mbegu ilipobaki na mimi.

Edina anataka tueleze yote tangu mwanzo, hata kama wewe unayajua. Anasema barua huja kusomwa tena baada ya miaka, na msomaji anakuwa amesahau. Basi tueleze.

Mwaka jana wewe na kikundi chenu cha vijana wafugaji mlipewa mbegu ya majani ya malisho, brakiaria, pamoja na pakiti ya bakteria. Ulikuja nayo kutoka Kasulu, umeifunga kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba, umeipakata kama mtoto mchanga, na ulinisimulia jinsi Salumu wa duka la pembejeo alivyoilaza ndani ya friji pamoja na soda zake. Tulicheka. Kisha ukanieleza, nami nikakusikiliza kwa sikio moja. Ulisema bakteria hao ni rafiki. Wanashikamana na mzizi wa jani ungali mchanga, wanausaidia kutoa nywele nyingi na kwenda chini zaidi, hata mvua ikikatika jani linapata unyevu kidogo ambao lenzake halioni. Ulisema, "Hawaleti mvua, mama. Wanasaidia tu jani livumilie."

Sikio la pili lilikuwa limesikia neno moja tu: bakteria.

Mwanangu, neno hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Nilikuwa mdogo kuliko Edina tulipovuka mpaka kama wakimbizi na kufikia kambini, mimi, wazazi wangu na mdogo wangu Yoramu. Yoramu alikuwa mtoto wa kucheka. Akiona mawingu anacheka, akiona foleni ya chakula anacheka. Siku moja alikunywa maji ya kijito kule bondeni kwa sababu foleni ya bomba ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Kipindupindu kilimchukua haraka sana, hata mama yangu hakupata muda wa kukiamini. Walimfunga katika blanketi la kijivu. Miguu ilibaki nje, maana blanketi lilikuwa fupi.

Baada ya hapo walikuja akina mama wa afya kutufundisha watoto chini ya turubai la shule. Mmoja alikuwa Mkongomani mwenye sauti nzito, dumu alikuwa akiliita bido, na sisi tukalichukua neno lake. Alishika kikombe cha maji juani akatuuliza, "Munaona nini?" Tukasema, hatuoni kitu. Akasema, "Ndiyo vile vinaua. Kitu unaona, unakimbia. Hiki hukioni." Niliyashika maneno yake kama mtu anavyoshika kamba ya kisima. Nilikuwa msichana wa shule mwenye bidii, nakaa mbele, narudia kila kitu nyumbani. Walinichagua kuwa mtoto wa dawa. Nilisimama penye bomba na kijiko kidogo, nikitia klorini katika kila bido lililopita, na watu wazima walinisubiri. Sijawahi kupata cheo kingine maishani mwangu, na kile sikukivua hata kambi ilipobaki nyuma yangu.

Nilipoolewa na baba yako, ambaye wazazi wake walikuja zamani na uraia wamekwisha kuupata, nilikuja hapa kijijini na chupa ya dawa ya maji ndani ya sanduku langu la nguo. Mama mkwe alifungua sanduku akainusa, akauliza, "Haya ndiyo manukato ya kambini?" Nikamwambia ni uhai. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa unaelewa, nadhani, mtu wa aina gani ulimwachia pakiti yako siku ile bwana mifugo alipokuita uende kijiji cha Murungu kusaidia kupima mashamba ya wenzako. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha vizuri. Uliniambia, "Mama, ikinyesha tena kabla sijarudi, changanya na mbegu, panda siku hiyo hiyo, upande wa kushoto. Upande wa kulia panda mbegu tupu, tulinganishe." Ukanielekeza uji mwepesi wa muhogo uliopoa ili wadudu washike kwenye mbegu. Ukanielekeza kivuli. Kila kitu ulinielekeza. Kuhusu maji ulisema tu, "Tumia maji safi."

Nilitumia maji safi.

Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vikaniwasha. Nilisugua beseni. Nikachota maji, nikayatia dawa. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya mwanangu, na kwa kuwa neno lile bakteria sikuliamini, nikaongeza nyingine kidogo. Nikakoroga, nikapaka mbegu, nikapanda, nikafukia. Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha kama yule msichana wa bombani.

Baada ya Krismasi mvua ilikatika. Wiki zikapita na mbingu nyeupe. Nawe kila asubuhi ulikwenda kusimama kati ya ile mistari miwili, kushoto na kulia, ukitafuta tofauti. Hapakuwa na tofauti. Pande zote mbili zilikauka pamoja kama mapacha. Kule Murungu mwenzenu mmoja majani yake yaliyopakwa bakteria yalibaki na uhai. Hayakuwa mabichi ya kujivunia, lakini aliyakata, ng'ombe wake akala, akayakata tena. Wewe uliacha kula mchana. Bwana mifugo akaja kuangalia. Alichimbua shina la kushoto na shina la kulia, akayaweka juu ya gunia mbele yetu. Mizizi ilikuwa mifupi sawasawa.

Akaniuliza kwa upole, "Mama, mlichanganya kwa maji gani?"

Nikamjibu kwa fahari. Nakumbuka hata nilivyonyoosha shingo. "Maji safi, yenye dawa. Mimi katika nyumba hii sichezi na maji."

Alikutazama wewe, wewe ukatazama chini, na mimi nikawatazama ninyi wawili kama mtu aliyeingia kanisani akiwa amevaa viatu tofauti.

"Mama," akasema, "wale walikuwa viumbe hai. Dawa ile haiulizi huyu rafiki, huyu adui."

Hukunisema, Onesmo, siku ile wala siku iliyofuata. Nilitamani unifokee. Watu wengine walinisaidia kwa hilo. Mama Shukuru, jirani yetu, unamjua mdomo wake, alinisimamisha njiani na ndoo yangu kichwani: "Jirani! Nasikia ulipewa mifugo midogo midogo ukaichinja yote kabla haijafika malishoni!" Wenzake wakacheka mpaka ndoo zao zikamwagika. Mwingine akasema, "Usimpe kuku atamie mayai, atayachemsha kwanza." Nikacheka nao, maana usipocheka na watu wanaokucheka unabaki peke yako na ndoo yako. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kigoda, sikuweza kuwasha moto.

Edina ameacha kuandika sasa hivi. Anasema, "Mama, hilo la kuku ulikuwa hujaniambia." Anacheka, mkono mdomoni. Cheka tu, mwana wanje, mwanangu, kisha uandike.

Ningeweza kukaa na kicheko. Linalonisumbua ni Bihogo.

Bihogo hatukumnunua. Wewe ulikuwa unatambaa mzee Gwimo alipomgabia baba yako mtamba mwekundu, kwa desturi ya watu wa hapa: mwenye ng'ombe anampa asiye na ng'ombe, na tangu hapo nyumba mbili zinakuwa nyumba moja. Bihogo wa leo ni mjukuu wa yule. Karatasi zetu za uraia zimo kabatini, zimefungwa katika nailoni, nazishukuru. Lakini karatasi ilitoka mbali. Hapa kijijini, aliyetuambia "kaeni" alikuwa yule mtamba. Kabla yake niliitwa mwanamke wa kambini. Baada yake nikaitwa mama Onesmo.

Na hata siku ile nilikosea. Wewe hujawahi kulisikia hili, baba yako aliona aibu kulisimulia. Mzee Gwimo alikuja na kibuyu cha maziwa kutoka zizini kwake, maziwa ya kunywewa pale pale na wote wawili, mke na mume, mbele yake. Hayakuchemshwa. Nilikishika kile kibuyu chenye harufu ya moshi, nikaona miguu ya Yoramu. Nikasema, "Mzee, ngoja niyapashe kidogo." Baba yako alinipokonya kibuyu akanywa sehemu yake, kisha akanywa na yangu, mpaka maziwa yakamchirizika kidevuni. Mzee Gwimo alitabasamu kwa adabu, akaaga mapema.

Sisemi kwamba kuchemsha maziwa ni kosa. Nachemsha mpaka leo, na wewe huko uendako chemsha, utafundishwa kwa nini. Kosa langu ni kwamba sikujua kuna saa ambapo kinachopokelewa si maziwa. Ningeweza kugusa kibuyu kwa midomo tu. Ningeweza kumweleza kabla, nyumbani kwake, kwamba nilizika mdogo wangu, naye ni mzee, angeelewa. Mimi nilichukua somo moja nililolipata kwa machozi nikalifanya ufunguo wa kila mlango.

Mwaka huu, kiangazi kilipokuwa kimemaliza hata vichaka, mzee Gwimo alipita. Alizunguka zizi, akamshika Bihogo mbavu, akazihesabu kwa vidole. Baba yako alikuwa ameleta migomba iliyokatwakatwa. Mzee akasema:

"Migomba ni maji tu, baba Onesmo."

"Ndiyo kilichopo, mzee."

"Sikulaumu. Lakini ng'ombe akilala na njaa kwako, jina langu ndilo linalolala na njaa. Yule niliyemgabia mtu wa bondeni amekufa, na mwingine niliyemgabia mtu naye amekufa. Mimi sitaki kusikia wa tatu." Akamgeukia Bihogo, akamkwaruza shingoni. "Kiangazi kijacho majani yakiwashinda tena, mrudisheni nyumbani."

Nyumbani. Mimi nilidhani hapa ndipo nyumbani kwake.

Basi hilo ndilo lililomo katika pakiti mpya uliyoileta mwaka huu, iliyoko ndani ya mtungi, na wewe unalijua kama mimi, ndiyo maana umenoa jembe. Shamba lile dogo la chini likishika majani, na majani yakivumilia mvua itakapokatika kama inavyokatika siku hizi, Bihogo atakaa. Yasiposhika, baba yako atamfunga kamba amvushe kilima mchana kweupe, watu wakiangalia, na nyumba mbili zitarudi kuwa mbili.

Lakini sikiliza, mwanangu. Ukipanda mbegu kesho, wadudu utawaua wewe.

Leo mchana nilishika udongo wa shamba lile. Unaunguza kiganja. Wingu limesimama upande wa Kasanda, ni kweli, ila lilisimama hivyo hivyo wiki iliyopita likaondoka na vumbi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba wadudu hawa hawapendi jua wala joto, na kwamba mbegu iliyopakwa haitakiwi ilale bila unyevu. Sikio langu la pili limefunguka sasa, nimeyasikia yote. Mimi niliwaua kwa dawa. Wewe utawaua kwa haraka. Na haraka yako na dawa yangu ni ndugu, zote zimezaliwa na woga. Ulijua vizuri kwamba ardhi ni kavu. Ulisema bora ardhi kavu kuliko mama.

Nimekaa na neno hilo tangu mchana nikipeta maharage ambayo yamekwisha kupetwa. Nikaona kwamba ni neno langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kitu cha thamani usikiachie mkono wa mtu mwingine. Ulipokuwa mdogo sikukuruhusu kula kwa akina Gwimo. Wajukuu wake walikuja kukuita, nikasema unaumwa. Ulicheza peke yako na gurudumu la baiskeli mpaka njia ya uani ikawa na mfereji. Nilitaka ukue bila kijidudu hata kimoja. Ulipoanza shule uliumwa kila wiki, na mwalimu akaniambia kwa mzaha, "Huyu umemlea ndani ya chupa." Siku hizi bwana mifugo anasema udongo tuliouchoma moto kila mwaka ili majani machanga yachipue umekuwa mtupu, walio ndani yake wamekufa pamoja na kupe, ndiyo maana jani linasimama peke yake na likipigwa na jua halina wa kulisaidia. Aliposema hivyo hukumtazama, ulinitazama mimi. Nilijua unawaza nini, au nilidhani najua. Mimi niliwaza gurudumu la baiskeli.

Basi ombi langu ni hili. Liache jembe. Iache pakiti ndani ya mtungi, kwenye kona yenye baridi, na kitambaa kibichi juu yake. Uniachie mimi.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uondoke ukiwa umeuachia mkono uliokosea. Ukiwa chuoni, mvua ikinyesha huku, hutaijua. Utakuwa umekaa darasani unajiuliza kama mama yako amesubiri udongo uloane vya kutosha, kama uji umepoa, na ametumia maji gani. Nami nitakuwa hapa najiuliza yote hayo kwa ukali kukuzidi. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea. Hata nisipokosea, siwezi kukuahidi majani. Huenda tukafanya kila kitu sawasawa na mvua ikakatika mapema mno, na mzee Gwimo akamchukua ng'ombe wake. Ukisikia hivyo, usifunge begi kurudi. Ulie huko huko, kisha uingie darasani.

Lakini nisipopanda mimi mara hii, mwanangu, nitabaki yule mwanamke wa mwaka jana mpaka nife. Na wewe utabaki mtu anayepanda katika ardhi kavu ili asimwachie mwingine. Huko unakokwenda kuna kazi ambazo mkono mmoja hauzimalizi. Utalazimika kulala wakati mtu mwingine anaangalia ng'ombe mwenye homa. Yule mtu naye atakuwa amewahi kukosea. Hakuna mwingine wa kumwachia, wote tumewahi.

Jana niliwaza kumpelekea mzee Gwimo habari. Nilikwenda, kwa kweli. Sikumwambia mtu. Alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Nikamwambia, "Mzee, mwaka ule sikuyanywa yale maziwa kwa sababu nilimzika mdogo wangu." Aliendelea kusuka kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani kibuyu changu kinanuka." Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Aliniuliza jina la mdogo wangu, nikamwambia, akalirudia, "Yoramu," akakaza fundo. Kuhusu Bihogo hakusema lolote zaidi ya alilokwisha kusema. Kiangazi kijacho ni kiangazi kijacho. Ila nilipoinuka aliniuliza, "Hao wadudu wenu, mnawapaka kwa mkono mtupu?" Nikasema ndiyo, kwa mkono mtupu. Akatikisa kichwa. "Basi mvua ikinyesha niiteni nije nione mwanamke wa dawa akishika wadudu." Sijui kama atakuja kunicheka au kunishikia beseni. Nimeamua kutomwuliza.

Mkono wangu unaogopa, Onesmo. Nilijaribu leo, kwa maji matupu tu, beseni halina mbegu, nikazoeza vidole. Vilikuwa vinatafuta kijiko cha dawa vyenyewe, kama mtu anayetafuta mswaki gizani. Nitavizoeza.

Kwaya imenyamaza. Utakuwa njiani. Baba yako amekwenda zizini kumtazama Bihogo kwa mara ya nne, naye Bihogo hana jipya la kumwonyesha. Mwache. Ukifika, pitia huko kwanza, ukae naye kidogo, msiongee. Kisha njoo usome.

Kesho nitakusindikiza mpaka barabarani na sitalia mbele ya dereva. Imana, Mungu wetu, akutangulie, na akikutangulia asitusahau tuliobaki nyuma.

Mama yako, anayekuomba umwachie.

Kaka, hapa ni mimi, Edina, mama hasemi tena. Amekwenda kufungia kuku. Aliniambia nikunje karatasi, lakini nafasi imebaki, na mwalimu wetu wa baiolojia anasema ukiona jambo liandike kama ulivyoliona.

Jioni, kabla hatujaanza kuandika, mama alishuka mwenyewe kijitoni na dumu la njano, lile dogo. Alirudi nalo limejaa. Akaliweka kwenye kona, karibu na mtungi wenye pakiti. Akafungua chupa ya dawa ya maji kama anavyofanya kila siku, na mkono ukafika juu ya mdomo wa dumu. Ukabaki pale. Nilikuwa mlangoni na kuni, sikuthubutu hata kuziweka chini. Halafu akaifunga chupa. Akachana ukingo wa kitenge chake cha zamani, akafunga utepe shingoni mwa dumu, mafundo mawili, ili mtu yeyote wa nyumba hii asije akasahau akalitia dawa.

Akasema peke yake, "Hili lisinywewe. Hili ni lao."

Tangu nizaliwe sijawahi kuona maji ya namna hiyo ndani ya nyumba yetu. Anasema atayamwaga na kuchota mapya kila siku mpaka mvua inyeshe, ili mkono uzoee. Njoo ulione, kaka. Lipo hapa, kwenye kona, lina utepe.